Sura ya Sita: Jicho Hukisia

Mnamo Desemba 1958, katika hospitali moja ya Uingereza, fundi viatu mwenye umri wa miaka 52 alipasuliwa jicho. La pili lilifuata mwanzoni mwa Januari. Mtu huyu alikuwa amepoteza kuona akiwa mtoto wa miezi 10, na maisha yake yote aliyaendesha kwa mikono na masikio. Alitengeneza vitu kwa zana zake mwenyewe, alipanda baiskeli huku mwenzake amemshika bega, na mara nyingi alitembea mitaani bila hata fimbo nyeupe. Sasa madaktari walimwondolea konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, zilizoharibika, wakampandikizia nyingine. Katika maandishi ya wataalamu anajulikana kwa herufi mbili tu: S.B.

Bandeji ilipofunguliwa alisikia sauti ya daktari. Akageukia upande ilikotoka, akaona kitu kama ukungu. Alitambua kwamba huo ni uso kwa sababu moja tu: sauti ilitokea hapo.

Habari zake ziliandikwa gazetini, na aliyezisoma kwa hamu kuliko wote alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge aitwaye Richard Gregory. Alipakia vifaa garini pamoja na msaidizi wake, Jean Wallace, wakaenda kumwona mgonjwa. Waliyoyakuta waliyachapisha mwaka 1963, na hadi leo ni miongoni mwa taarifa zinazosomwa sana kuhusu namna binadamu anavyoona.

Swali walilokwenda nalo lilikuwa na umri wa zaidi ya karne mbili na nusu. Mwishoni mwa karne ya 17, William Molyneux wa Dublin, ambaye mkewe alikuwa kipofu, alimwandikia mwanafalsafa John Locke kumuuliza hivi: mtu aliyezaliwa haoni, akajifunza kwa kugusa kutofautisha tufe na mchemraba, siku akipata kuona ataweza kuvitambua kwa macho peke yake, kabla hajavishika? Wote wawili walijibu hapana. Lakini hilo lilikuwa jibu la watu waliokaa vitini. S.B. alikuwa jibu lenye miguu.

Jibu lenyewe halikuwa ndiyo wala hapana. Siku chache baada ya upasuaji, S.B. aliitazama saa ya ukutani akasema ni saa ngapi. Aliweza pia kusoma herufi kubwa, lakini herufi ndogo hazikumwambia kitu. Gregory alipochimba zaidi alipata sababu. S.B. alikuwa na saa ya mfukoni isiyo na kioo, aliyozoea kuipapasa mishale. Na katika shule ya vipofu alikosoma, watoto walifundishwa herufi kubwa kwa kuzigusa zikiwa zimechongwa kwenye mbao. Herufi ndogo hawakufundishwa. Alichokijua kwa vidole alikiona. Ambacho vidole havikuwahi kukifikia, macho yake mapya yalikipita.

Hata michoro yake ilisema hivyo. Alipoombwa achore basi, aliweka magurudumu, madirisha na sehemu alizozoea kuzishika apandapo. Mbele ya basi, ambako abiria hagusi, aliacha. Mwaka mmoja baadaye alichora basi lenye maelezo mengi zaidi, lakini sehemu ya mbele bado haikuwamo. Na urefu wa kwenda chini haukumwingia kabisa: akiwa dirishani ghorofani, karibu mita 10 kutoka ardhini, alidhani kwamba akijining'iniza kwa mikono miguu itagusa chini.

Gregory alimpeleka kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London, kwa kuwa S.B. alipenda sana zana. Walisimama mbele ya mashine ya kukerezea iliyokuwa ndani ya kabati la kioo, na S.B. akashindwa kuieleza. Kioo kikafunguliwa. Akafumba macho, akaipapasa mashine yote kwa shauku, kisha akarudi nyuma kidogo, akafumbua macho na kusema kwamba baada ya kuigusa, sasa anaiona.

Hadithi yake haikuishia vizuri. Barabara aliyokuwa akiivuka kwa ujasiri alipokuwa kipofu ilimtia hofu alipoona magari. Rangi zilizochujuka na kuta zilizobanduka zilimhuzunisha. Jioni mara nyingi alikaa bila kuwasha taa. Alikuwa mtu aliyeheshimiwa kwa kuyaweza maisha gizani. Kwenye mwanga akajikuta mwanafunzi asiyefuzu. Alifariki mwaka 1960, na Gregory hakuacha kumtaja kwa masikitiko katika vitabu vyake.

Mtoto wa mtazama nyota

Richard Langton Gregory alizaliwa London tarehe 24 Julai 1923. Baba yake alikuwa mwanaastronomia, mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo kijana alikulia kati ya darubini na lenzi, katika nyumba ambamo kutazama kulikuwa kazi. Mtazama nyota anajua jambo ambalo wengine hulisahau: kinachofika kwenye chombo chake ni nukta hafifu ya mwanga, na nyota yenyewe lazima aijenge kwa hesabu na fikra.

Vita Kuu ya Pili ilimpeleka katika Jeshi la Anga la Uingereza, kitengo cha mawasiliano. Baada ya vita alisoma falsafa na saikolojia ya majaribio Cambridge, chini ya Frederic Bartlett, yule aliyeonyesha kwamba kumbukumbu haitunzwi kama mzigo ghalani, bali hujengwa upya kila mtu anapokumbuka. Gregory alilichukua wazo hilo la mwalimu wake akalihamisha kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye macho.

Hakuwa mtu wa kukaa na vitabu tu. Aprili 1951 nyambizi ya Uingereza, HMS Affray, ilizama na watu wake wote 75, na Gregory akatumwa kulisaidia jeshi la majini kutafuta njia bora za mabaharia kujiokoa kutoka kilindini. Baadaye alibuni darubini na hadubini za aina yake, na katika maabara yake ya Cambridge alichunguza jinsi macho yanavyoweza kumpotosha rubani wa chombo cha angani anapokikaribia chombo kingine. Alisafiri hadi Naples kumtafuta mdudu mdogo wa baharini aitwaye Copilia, ambaye jicho lake husogeza kipokea mwanga huku na huko nyuma ya lenzi ili kuipapasa picha kidogo kidogo. Waliomfahamu humkumbuka kama mtu mkubwa wa umbo, mwenye kicheko, aliyependa kuchezea maneno na vifaa kwa kiwango kimoja.

Kusikia si kuona?

Waswahili tunasema kusikia si kuona, yaani habari ya kuambiwa haifui dafu mbele ya ushahidi wa macho. Gregory alisema kwamba kuona nako ni kupata habari, tena habari zenye mapengo.

Tuangalie njia yenyewe. Mwanga huingia jichoni na kuchora kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, picha ndogo, bapa, iliyopinduliwa juu chini. Retina ina vipokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini neva inayotoka jichoni ina nyuzi kama milioni moja tu, kwa hiyo habari hufinywa kabla hazijaondoka. Kinachosafiri si picha, bali ni mipigo ya umeme. Ubongo wenyewe umefungiwa ndani ya fuvu, gizani, na haujawahi kuona mwanga. Zaidi ya hayo, picha moja ya retina inaweza kutokana na vitu vingi mno: duara dogo lililo karibu na duara kubwa lililo mbali huacha alama ileile.

Pamoja na hayo yote, tunaona meza, ng'ombe, shangazi. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika karne ya 19, alieleza kwamba ubongo hufikia hitimisho bila mwenyewe kujua. Gregory alikwenda mbele zaidi: kila tunachokiona ni nadharia tete, kisio ambalo ubongo hulitoa kuhusu kilichoko nje, kwa kuunganisha dalili chache za sasa na maarifa mengi ya zamani. Ni kama mtu aliye chumbani anayesikia hodi mlangoni. Kwa sauti na namna ya kubisha, anasema, "Karibu, Mama Asha," kabla hajafungua. Siku nyingi hakosei, na siku akikosea ndipo tunapogundua kwamba hakuwa ameona, alikuwa amekisia.

Ndiyo maana Gregory aliyapenda makosa ya macho. Wengine waliyachukulia kama michezo ya kuchangamsha watoto. Yeye aliyachukua kama nyufa ambazo kwazo mtu huchungulia jinsi ubongo unavyofanya kazi. Aliyemtumia sana kama shahidi ni kinyago chenye sura ya mtu, kikitazamwa upande wa ndani uliobonyea. Ukisimama mbali kidogo, ule ubonyevu hutoweka, na uso hutokeza nje kama uso wa kawaida. Kinyago kikizungushwa, uso huonekana kuzunguka upande usio wake. Na hata ukijua kabisa kwamba kimebonyea, kujua kwako hakusaidii. Ubongo umeona nyuso zisizo na idadi, zote pua mbele, na hauko tayari kuamini uso uliogeuzwa ndani nje. Maarifa ya zamani huushinda ushahidi wa leo.

Fikra hizi alizieleza katika kitabu chake Eye and Brain cha mwaka 1966, ambacho kilichapishwa tena na tena na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka uliofuata alitoa mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, ile inayotolewa kwa vijana wa Uingereza tangu karne ya 19.

Mishale yafika Ankole

Mwaka 1889 Mjerumani Franz Müller-Lyer alichora mistari miwili yenye urefu sawa. Mmoja aliutia ncha za mishale pande zote mbili. Wa pili aliutia ncha hizo zikiwa zimegeuzwa, zikifunguka nje kama mikia. Wa pili huonekana mrefu zaidi. Kwa nini?

Mwaka 1963 Gregory alitoa jibu. Tazama kona ya chumba ukiwa ndani: mstari wa kona husimama, na mistari ya dari na sakafu hufunguka kutoka kwenye ncha zake. Kona hiyo iko mbali nawe. Sasa toka nje utazame kona ya jengo: mistari hukimbia kurudi nyuma kama ncha za mshale, na kona iko karibu. Ubongo uliozoea majengo husoma mikia kama dalili ya umbali, na kwa kuwa kitu cha mbali chenye picha sawa lazima kiwe kikubwa zaidi, huurefusha mstari huo.

Ikiwa ni hivyo, basi mtu aliyekulia mahali pasipo na kona za mraba asingedanganyika sana. Dokezo la kwanza lilikuwapo tayari. Mwaka 1898 Mwingereza W. H. R. Rivers aliwapima wakazi wa visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, akakuta wanadanganywa na mistari hii kidogo kuliko Waingereza. Hilo liliwapa shida wale walioamini kwamba watu waliowaita washenzi ndio wangekuwa wepesi wa kudanganyika.

Kipimo kikubwa kilikuja baadaye. Wamarekani watatu, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, waliandaa michoro ileile na kuipeleka katika jamii kumi na kadhaa za Afrika, Ufilipino na Marekani. Herskovits, mwanaanthropolojia, aliamini kwamba utamaduni hugusa hata macho; Campbell, mwanasaikolojia, alikuwa na shaka. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo watu wa Ankole na Toro nchini Uganda, na Wasuku na Wasonge wa Kongo. Herskovits alifariki mwaka 1963, na matokeo yakatoka katika kitabu mwaka 1966, mwaka uleule wa kitabu cha Gregory.

Tofauti zilikuwa kubwa. Wakazi wa mji wa Evanston, karibu na Chicago, waliuona mstari wa mikia kuwa mrefu zaidi kwa kiasi cha sehemu moja ya tano. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Lakini watafiti walikuwa na mchoro mwingine pia: mstari uliosimama na mstari uliolala, yote urefu mmoja, ambapo uliosimama huonekana mrefu. Hapa mambo yaligeuka. Watu wa Ankole na Toro, wanaoishi katika nchi ya juu yenye upeo mpana, walidanganyika kuliko wengi, huku Wabete wa Ivory Coast, watu wa msituni, wakidanganyika kidogo. Watafiti walieleza kwamba anayeishi penye upeo mpana husoma mstari uliosimama kwenye karatasi kama njia inayokwenda mbali mbele yake, kwa hiyo huurefusha.

Funzo la matokeo haya mawili ni zito kuliko lilivyosimuliwa mara nyingi. Hakuna watu wenye macho ya kweli na wengine wenye macho ya uongo. Kila jamii ina makisio yake, yaliyofaa kwa ardhi yake, na kila jamii huponzwa pale inapowekwa mbele ya mchoro usiofuata ardhi hiyo.

Wapinzani

Nadharia nzuri huvuta wapinzani wazuri. Mkubwa wao alikuwa Mmarekani James Gibson wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyekuwa amefanya utafiti kwa marubani wa kijeshi wakati wa vita. Gibson alisema kwamba kukisia hakuhitajiki. Mtazamaji hakai akiangalia mchoro kwa jicho moja. Anatembea, anageuza kichwa, na mwanga unaomfikia hubadilika kwa taratibu zinazomweleza umbali na umbo moja kwa moja. Kwake, Gregory alikuwa akisoma tabia ya ubongo ulionyimwa chakula chake. Pingamizi hili lina nguvu: michoro mingi ya kudanganya hupoteza makali mtu akiruhusiwa kusogea. Lakini kinyago kilichobonyea hudanganya hata mtazamaji anapotembea, na hapo Gregory alisimama imara.

Pigo zito zaidi lilitoka India, baada ya Gregory kufariki. Pawan Sinha, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, aliendesha mradi wa kuwatibu watoto wa Kihindi waliozaliwa na mtoto wa jicho, na kuwapima mara wanapoanza kuona. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa jibu jipya kwa Molyneux: watoto hawa hawakuweza mara moja kulinganisha kwa macho kitu walichokishika, lakini ndani ya siku chache waliweza. Hapo Locke alipata haki yake, na S.B. pia. Lakini mwaka 2015 walichapisha kwamba watoto waliotoka kufunguliwa macho walidanganyika na mistari ya Müller-Lyer papo hapo, kabla hawajapata muda wa kuzoea kona za vyumba. Kama uzoefu wa kutazama majengo ndio chanzo pekee, watoto hao wasingedanganyika.

Gregory mwenyewe alikuwa amejua kwamba si kila kosa la macho linatokana na maarifa. Ushahidi wake aliupata Bristol, alikohamia mwaka 1970 baada ya miaka michache Edinburgh. Huko Edinburgh alikuwa ameanzisha pamoja na Donald Michie na Christopher Longuet-Higgins idara ya akili ya mashine na utambuzi, mojawapo ya za mwanzo Ulaya. Humo ndimo alimozaliwa Freddy, roboti iliyokuja kuweza kuokota vipande vya mbao vilivyochanganywa na kuunda navyo gari la kuchezea. Bristol, mmoja wa wenzake wa maabara aligundua ukuta wa mkahawa kwenye barabara ya St Michael's Hill, uliopambwa kwa vigae vyeusi na vyeupe. Safu za vigae zilikuwa sambamba, lakini zilionekana kuchongoka kama kabari. Mwaka 1979 Gregory na Priscilla Heard walionyesha kwamba siri iko kwenye mstari mwembamba wa saruji kati ya safu: lazima rangi yake iwe ya kijivu, kati ya weusi na weupe wa vigae. Hapa hakuna kisio kuhusu vyumba wala nyuso. Kosa hutokea mapema, wakati ubongo unapopima mipaka ya mwanga na kivuli. Kwa hiyo aligawa makosa ya macho katika makundi: yale yanayotoka kwenye mitambo ya neva, na yale yanayotoka kwenye maarifa.

Hukumu

Gregory alifariki Bristol tarehe 17 Mei 2010, akiwa na miaka 86. Maelezo yake kuhusu mistari ya Müller-Lyer hayawezi tena kusimama peke yake. Watoto wa India wameyatikisa. Lakini wazo lake kuu, kwamba kuona ni kukisia na kusahihisha, limezidi kukua. Wataalamu wengi wa ubongo wa leo hueleza ubongo kama mashine ya kutabiri, inayotanguliza makisio na kutumia habari za macho kuyarekebisha.

Ukimpima kwa kipimo chake mwenyewe, utaona kwamba jambo alilolithamini zaidi halikuwa nadharia. Mwaka 1987 alifungua Bristol kituo cha sayansi kilichoitwa Exploratory, ambamo mgeni aliruhusiwa kushika na kuzungusha. Kilifungwa mwaka 1999, lakini kilikuwa kimekwisha kuwaonyesha Waingereza kwamba makumbusho yanaweza kuwa mahali pa mikono. Funzo hilo alilipata kwa fundi viatu aliyehitaji kuigusa mashine ndipo aione.

Basi usiiamini sura hii kwa kuisoma tu. Chukua karatasi nyeupe, uchore msalaba mdogo, na kulia kwake, sentimita 8, uchore nukta nene. Fumba jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, na uisogeze karatasi polepole hadi iwe kama sentimita 30 kutoka usoni. Nukta itatoweka, kwa sababu imeangukia pale neva inapotokea jichoni, mahali ambapo retina haina kipokea mwanga hata kimoja. Hutaona shimo jeusi. Utaona karatasi nyeupe, ambayo jicho lako haliioni pale. Ubongo umeijaza. Kisha mpe jirani karatasi hiyohiyo naye ajaribu, na mbishane.